Ngamia Niliomnyang'anya Dada Yangu Wakiwa na Maziwa

Kosa ni langu. Si la ukame, si la serikali, si la shetani. Hao wote nimewasingizia miaka na miaka, na leo nimechoka. Acha niwaambie ninyi msionijua, kwa sababu wanaonijua hapa Garissa huniita mzee mwema.

Mimi ni mfanyabiashara wa mifugo. Ukame wa mwanzo wa miaka ya tisini ulipopita, mimi nilibaki na mali. Dada yangu mdogo, mjane aliyekuwa akichunga upande wa Buna, hakubaki hata na mbuzi. Alikuja mjini na binti yake mmoja, Fatuma, akajenga kibanda cha matawi na magunia ukingoni mwa mji.

Nikampa ngamia wawili wenye maziwa. Kwetu sisi Wasomali desturi hiyo inaitwa irmaansi: mwenye mali humkopesha ndugu aliyeanguka mnyama wa kukamua. Mnyama ni wako, ndama ni wako, maziwa ni yake. Wala humchukui mnyama wako mpaka maziwa yakauke. Kumchukua kabla ya hapo ni aibu kubwa.

Dada alikamua, wakanywa kidogo, mengine akauza sokoni. Kwa maziwa hayo Fatuma alikula, akavaa sare, akasoma. Mtoto yule alikuwa na akili, jamani! Jioni alikuja kwangu kumsaidia mwanangu Abdi hesabu, maana walikuwa darasa moja. Nilikuwa nikiwatazama na kumtania Abdi kwamba atapitwa na msichana.

Akapitwa kweli! Matokeo ya darasa la nane yalipotoka, Fatuma aliitwa shule kubwa ya bweni ng'ambo ya Mto Tana, huko ambako watu wa hapa wanakuita Kenya, utadhani sisi tuko nchi nyingine. Abdi hakuitwa popote.

Kesho yake, kwenye soko la mifugo, dalali mmoja alinichekea mbele ya watu. "Haji, wewe iko na mifugo yote hii, na mtoto ya mama maziwa ndiyo ataandika sisi kazi!"

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Lakini moyoni, wallahi, kijicho kiliniingia. Nikajiambia: anakunywa maziwa ya ngamia wangu, anasoma kwa maziwa ya ngamia wangu, halafu ampite mwanangu? Mtoto wa maskini?

Nikaenda kwa dada. Nikamwambia malisho yamekwisha, nataka kuwapeleka ngamia kwenye mvua. Uongo mtupu! Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kukamua, povu halijatulia chomboni.

"Walaal," akaniita, yaani ndugu yangu, "hii ngamia bado iko na maziwa. Si ungoje ikauke? Fatuma anaenda shule."

"Mvua haingoji," nikasema.

Hakulia, hakubishana. Angenishtaki kwa nani, na kaka yake ni mimi? Alifungua kamba mwenyewe akaniwekea mkononi. Ole wangu! Mpaka leo nikikumbuka mkono ule, chakula hakipiti.

Ngamia niliwauza, Abdi nikamtafutia shule ya kulipia Nairobi. Muhula wa pili aliacha shule, akarudi na miraa shavuni. Fatuma alikaa nyumbani akingoja karo mpaka nafasi yake akapewa mwingine. Kisha akaozwa kwa dereva wa lori ambaye siku hizi haonekani. Dada alifariki akiwa anabeba maziwa ya watu kwenda kuyauza. Nilimzika kwa gharama yangu, watu wakanisifu!

Mwezi uliopita nilimkuta Fatuma sokoni, amekaa pale pale alipokuwa akikaa mama yake, dumu mbele yake, binti yake mdogo akifukuza nzi. Wala maziwa si yake. Anayauza kwa niaba ya wenye ngamia, anabaki na kidogo cha kununua unga. Nyumbani kwangu, hata Abdi na uvivu wake ana duka, kwa sababu nilimfungulia. Mtoto wangu alianguka akaokotwa. Fatuma hakuanguka, nilimwangusha mimi, na sasa binti yake anakulia kwenye vumbi lile lile.

Nikashindwa kuvumilia. "Fatuma," nikamwambia, "nitakupa ngamia wawili wenye maziwa. Umsomeshe huyu."

Kwanza alinimiminia kikombe cha maziwa, maana ana adabu ya mama yake. "Abti," akasema, mimi nikiwa mjomba wake, "hii mtoto pia iko na akili. Akipita watoto yako, utakuja kuchukua ngamia tena?"

Subhanallah! Kumbe alijua! Alijua miaka yote, na kila Idi alikuja kunisalimia. Nilikishika kile kikombe, nisiweze kunywa wala kukiweka chini.

Ninyi mlio na mali, nawasihi. Ukimpa ndugu yako mnyama wa kukamua, mwache akamue mpaka tone la mwisho, hata kama mtoto wake atampita wako. Hapo ndipo hasa umwache! Usingoje kutubu kama mimi. Juzi niliwaswaga ngamia wawili mpaka mlangoni kwa Fatuma, nikawafunga hapo. Alinishukuru, akaniombea dua, kisha akafungua kamba mwenyewe akaniwekea mkononi.