Nyekundu Kuliko Zote

Kosa langu la kwanza la Kiingereza nililifanyia juu ya gunia la kahawa, kwetu Embu, nikiwa darasa la nne miaka ya tisini. Wiki hiyo mwalimu alikuwa ametuimbisha good, better, best mpaka koo zikauma, kisha akatuonya kwamba best huwa mmoja tu. Nilirudi nyumbani nikiogopa kutokuwa huyo mmoja.

Rafiki yangu, kama hukulelewa kwenye kahawa, kazi ni hii: mnachuma, mnamwaga juu ya gunia, mnatoa mbichi na zilizokauka, halafu nyekundu zinapelekwa kiwandani siku hiyo hiyo, maana zikilala zinachacha. Mimi sikutoa mbichi tu. Niliinua mbili mbili nikizilinganisha, nikitafuta iliyo nyekundu kuliko zote. Kila niliyoipata ilishindwa na nyingine. Vidole vilinata, nyuki wakanizunguka, nami nikaanza upya. Jirani alipita na mzigo wake, akauliza huyu anachagua kahawa ama anachagua bibi.

Nyanya yangu, niliyekuwa nikichuma naye, aliniuliza mara kadhaa kama nimemaliza. Nikasema bado kidogo. Tulipofika kiwandani, karani alikuwa amefunga mizani. Tukarudi na kahawa yetu mgongoni, na kesho yake tukaianika ikawa mbuni, ile ya bei ya chini. Jasho la siku nzima.

Usiku huo nilingoja kiboko. Nyanya akanipakulia githeri, mahindi na maharagwe, akaketi karibu na moto. Aliniita mzee wake, kwa kuwa nilipewa jina la mumewe; mimi nilimwita cucu.

"Mzee wangu, ulikuwa unatafuta gani?"

"Ile best, cucu."

"Na hizo zingine zilikuwa na makosa gani?"

Nilitafuna githeri.

Ukubwani nilijifundisha Kiingereza kwa kamusi kuukuu ya kununua barabarani. Humo nikasoma kwamba best haikutokana na good hata kidogo; ina ukoo wake wa kale, na jamaa yake mmoja ni neno lenye maana ya kuponya na kurekebisha kilichoharibika. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi, nikitamani mwalimu angetuambia.

Sasa mikahawa yetu imeng'olewa, pale pana makadamia, na nyanya hayupo. Mimi bado naogopa. Lakini kazi yangu ikishakuwa nzuri, naipeleka.