Ekseli Iliyovuka Manyovu

Manariyo alijifunza ufundi wa magari Bujumbura, mtaa wa Kamenge. Vita vilipomfukuza huko alivuka mpaka wa Manyovu kwa miguu, yeye na mkewe Kaneza, na baada ya kukaa kambini akapata kazi Mwandiga, kwenye gereji ya Muha mmoja aitwaye Leonardi.

Pale gereji walimpenda, ila walijua kuna jambo halisemwi mbele yake. Kaka yake, Niyokwizera, dereva wa mfanyabiashara wa kahawa, alibaki nyuma ili aitoe familia ya tajiri wake kwa gari. "Tangulieni, nitawakuta," aliwaambia. Miaka ikapita. Aliyethubutu kumwita marehemu alijibiwa kwa ukali: "Yuko njiani."

Masika moja gari la zahanati ya Kalinzi lililetwa likivutwa kwa kamba. Lilikuwa Landkruza kuukuu, na ndilo lililoteremsha wagonjwa kutoka milimani kwenda hospitali ya mjini. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limelala upande na mafuta yalichuruzika. Ekseli, mhimili wa magurudumu ya nyuma, ilikuwa imepasuka pale pale ilipowahi kuchomelewa. Mama mjamzito aliyekuwemo alimaliziwa safari kwa baiskeli. Yeye alipona, mtoto hakupona.

"Chomelea tena, fundi," aliomba Sista Agnesi, muuguzi wa zahanati. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hapana, Sista. Chuma hiki kimechoka. Nikichomelea nitakuwa nakudanganya. Tutoe ekseli yote ya nyuma, tuweke nyingine."

Mpya isingepatikana Kigoma. Leonardi akakumbuka kwamba mzee Telesphory, aliyekuwa na duka njia ya kwenda Manyovu, alinunua Landkruza la namna ile kwa wakimbizi, likamfia uani. Wakaenda.

Gari lilikuwa limezama kwenye majani, rangi imebabuka, namba zimeng'olewa. Manariyo akatandika gunia, akaingia chini yake kwa mgongo. Leonardi alimsikia akigonga chuma hapa na pale.

"Vipi, nayo imepasuka?"

"Nzima," Manariyo alijibu. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nzima kabisa."

Juu ya ekseli ile, mahali pa kushikia bomba la breki, palikuwa pamechomelewa kipande cha jembe. Aliyekichomelea ni yeye mwenyewe, Kamenge, siku ambayo hawakuwa na chuma kingine. Niyokwizera alicheka sana siku hiyo, akasema sasa gari lake linaweza kulima.

Manariyo akatoka chini ya gari, akamwendea mwenye duka.

"Mzee, hili gari nani alikuuzia?"

"Mama mmoja wa Burundi, na watoto wake. Alifika akiendesha mwenyewe, hajui hata kuingiza gia. Nikamwuliza, dereva yuko wapi? Akasema walikuta kizuizi cha wenye silaha kabla ya mpaka. Dereva akashuka kuwaombea njia, akamwambia, 'Ukiona nimewashughulisha kwa maneno, kaa hapa kwenye usukani uondoke.' Yule mama akaondoka. Nyuma wakasikia risasi." Mzee akamtazama vizuri. "Ulikuwa ukimfahamu?"

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

Mzee akavua kofia. Leonardi akamshika Manariyo bega. "Basi tuiache. Tutatafuta nyingine."

"Iko wapi hiyo nyingine?"

Leonardi akaenda kuleta jeki.

Wakapiga jeki, wakaliweka gari juu ya magogo. Manariyo hakukubali mtu mwingine aingie chini. Alifungua shafti, akafungua bomba la breki na waya wa breki ya mkono. Boliti za kushikia springi zilikuwa zimeshikwa na kutu, akazipiga nyundo moja moja. Ekseli ilipotoka waliibeba wanaume wanne.

Kuifunga kwenye gari la Sista kulichukua siku nzima. Kipande cha jembe kiligusana na springi za gari lile, kwa hiyo ilibidi kikatwe. Leonardi alitaka kumsaidia. Manariyo akachukua msumeno, akakikata mwenyewe, akajaza mafuta, akatoa hewa kwenye breki, akalijaribu gari hadi njia panda na kurudi.

Jioni alimweleza Kaneza. Alitegemea atapiga yowe. Kaneza aliinamisha kichwa.

"Nilijua," alisema. "Mwanamke mmoja kambini aliniambia tangu mwaka jana. Kila nilipotaka kukwambia, ulikuwa ukisema yuko njiani. Nikashindwa."

Manariyo alisimama, akatoka nje, akarudi. "Umeniacha nikingoja mwaka mzima?"

"Ulikuwa unakula," Kaneza alisema. "Ulikuwa unalala usingizi. Niliogopa kukuondolea."

Kwa siku kadhaa walipitana ndani ya nyumba kama wapangaji.

Matanga yaliwekwa bila mwili na bila kaburi. Majirani Waha walileta unga na kuni, Warundi wa kambini wakaja na nyimbo zao, kila mmoja akimshika Manariyo mkono na kumpa pole kwa Kirundi, "Ihangane." Sista Agnesi naye alifika, ameletwa na lile gari. Leonardi alikuwa amemweleza yote.

"Sikujua, fundi. Ningejua nisingeruhusu uifunge."

"Ndiyo maana sikukwambia, Sista."

Kisha Manariyo akaanza kulia mbele za watu, kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka, akimwita kaka yake kwa jina lote. Kaneza akatoka kwa wanawake, akaja kukaa chini kando yake. Safari hii Manariyo hakumkwepa.