Doa Jekundu la Kwenye Kona

Kazi ya Mama Wavu ni kuvunja vitu. Hatumii nyundo. Anavivunja ndani ya kompyuta, akiwa ameketi, viatu amevivua chini ya meza kwa sababu miguu yake huvimba ikifika saa nane. Mletee mchoro wa ngazi, wa nguzo au wa winchi, ataikata picha yake vipande vidogo vidogo mpaka ionekane imevikwa wavu, kisha ataitwika mzigo na kukiuliza kila kipande: wewe unavutwa kiasi gani, unabanwa kiasi gani, utapinda lini, utakatika lini? Kompyuta hukaa saa tatu, saa tano, wakati mwingine siku nzima ikijumlisha majibu. Jibu likitoka huwa ni rangi. Buluu maana yake hakuna shida. Njano, kaa chonjo. Nyekundu, ndugu yangu, hapo ndipo patakapokatika.

Nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na sita, meza yake dirishani, yangu mlangoni. Mimi ni mchoraji, nachora chuma kabla hakijawa chuma. Jina la Mama Wavu nilimpa mimi, maana kila ukimuuliza kazi imefika wapi, jibu lake ni lilelile: "Wavu haujakaa vizuri." Hakukasirika. Siku hizi hata dada wa mapokezi humwita hivyo kwenye simu, mbele ya wateja.

Ni mtu aliyechoka. Nasema hivyo kwa heshima zote, kwa sababu sijamwona akikwepa kazi hata siku moja. Amechoka kuulizwa swali moja maisha yake yote: itakatika au haitakatika? Swali hilo humfuata hadi kwenye arusi za watu. Hakalii kiti cha plastiki kabla hajakipindua na kuitazama miguu yake, na ukoo mzima huangua kicheko. "Chekeni tu," huwaambia. "Mkianguka msiniite."

Mapenzi ya chuma aliyapata kwa kaka yake. Baba yao alifariki yeye akiwa bado mdogo, na kaka huyo, aliyemzidi miaka kumi na miwili, alikuwa fundi wa kuchomelea. Ndiye aliyemlea. Binti akitoka shule alipitia karakana, akakalishwa kwenye kigoda, mgongo ameupa moto asije akaumia macho, akafanya hesabu zake huku cheche zikiruka nyuma yake. Kaka mtu alikuwa akimpa vyuma vilivyokatika achezee. Wenzake walikuwa na wanasesere. Chuo kikuu alikutana na mashine inayovuta chuma mpaka kikatike, akaipenda kuliko alivyompenda mchumba wake wa wakati huo, na kompyuta zilipoingia akahamia huko.

Sasa nije kwenye kiwanda cha unga.

Kiwanda hicho kina matangi marefu ya nafaka, na kila tangi lina jukwaa la chuma ambalo wafagiaji husimama juu yake wakisafisha. Majukwaa ni manne. Miaka sita iliyopita tuliyasanifu sisi: nilichora mimi, Mama Wavu akayapima kwenye kompyuta yake, na kiwanda kikamwita kaka yake ayachomelee. Ilikuwa furaha, kaka na dada kwenye kazi moja. Mwaka jana, asubuhi moja, kishikizo kinacholishika jukwaa la pili kwenye tangi kilikatika. Mfagiaji mmoja alianguka hadi kwenye sakafu ya zege, akavunjika nyonga. Alipona, lakini anatembea kwa mkongojo, na kazi ya kupanda juu ndiyo imekwisha.

Mkaguzi wa kiwanda alikuja, akatazama, akasema kiungo kimechomelewa vibaya. Hakupima chochote. Maneno yake yalitosha.

Fundi hakubisha. "Mikono yangu imezeeka," alisema, akafunga karakana aliyoifungua akiwa kijana, mashine yake akaigawa. Akawa mtu wa kushinda kibarazani akimwagilia maua ya mkewe. Mkewe alikuwa akimpigia simu Mama Wavu mchana, tukiwa kazini: "Wifi, kaka yako hali. Kaka yako halali. Nifanyeje?" Mama Wavu alikuwa akisikiliza, akisema "nitakuja, wifi," kisha akikata simu na kukaa akitazama kioo cha kompyuta kilichozimika.

Na sisi tuliamini. Nitasema ukweli wangu hapa, sina wa kumficha: niliposikia kosa ni la kuchomelea nilishusha pumzi, maana basi si la mchoro. Mama Wavu naye alikwenda kumfariji kaka yake wiki ileile, akamwambia, "Usijiumize, kaka. Umri umekwenda, na kule juu ni mahali pa taabu kufanyia kazi." Alinisimulia mwenyewe aliporudi. Niliona amesema vizuri.

Miezi kumi na moja baadaye ikaja barua ya kiwanda. Majukwaa matatu yaliyobaki yamefungwa, wanataka kuyatumia tena, je, ni salama? Na mwishoni, kama kitu kidogo tu: tuwaeleze kitaalamu lile la pili lilikatika kwa nini. Bosi aliiweka barua mezani kwa Mama Wavu.

"Wewe ndiye unayeijua kazi hii."

"Nimechoka, bosi."

"Nani hajachoka?"

Aliifungua kazi ya zamani Jumatatu asubuhi. Nilikuwa nachora bomba. Kiti chake kina kawaida ya kulia kila akijigeuza, na baada ya muda niligundua kimenyamaza.

"Mchoraji," aliita. "Njoo uone."

Kwenye kioo kulikuwa na kile kishikizo, buluu karibu pote, na doa moja jekundu dogo kama punje ya mtama. Lilikuwa kwenye kona ya ndani, pale nilipochora mkato wa mraba ili bamba lipishane na bomba. Chini ya picha kulikuwa na maelezo ya miaka sita iliyopita, kwa maneno yake mwenyewe na herufi za jina lake: "Wekundu wa kwenye kona si wa kweli. Upuuzwe."

Lazima nieleze hapa, vinginevyo utadhani alikuwa mzembe. Kompyuta ikifika kwenye kona kali ya ndani huchanganyikiwa. Ukivikata vipande vya wavu viwe vidogo zaidi, namba hupanda. Ukivikata tena, hupanda tena, haikomi. Namba isiyo na mwisho haiwezi kuwa ya kweli, kwa hiyo kila mwanafunzi wa fani hii hufundishwa mapema kwamba kona zinadanganya, tazama kwingine. Nimemsikia Mama Wavu akiwafundisha hivyohivyo wahandisi wageni. Ni kosa la wajuzi tu. Mtu asiyejua kitu angeuona ule wekundu, angeogopa, angeuliza.

"Namba ilikuwa ya uongo," alisema. "Lakini mahali palikuwa pa kweli."

Kona ile niliichora mimi.

Aliomba kishikizo kilichokatika kitolewe stoo ya kiwanda. Kililetwa siku ya pili ndani ya gunia la unga, kikaacha vumbi jeupe mezani kote. Akawasha taa, akachukua kioo cha kukuzia, akainama. Aliniachia nitazame. Uso wa chuma kilipokatika ulikuwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, alama za ufa uliokuwa ukisogea kidogo kidogo kila wafagiaji walipopanda na kushuka na kila kinu kilipotetemeka, miaka mitano mfululizo. Mistari yote ilizunguka nukta moja. Nukta ilikuwa kwenye kona. Kiungo cha kaka yake kilikuwa pembeni, umbali wa nusu kidole, kizima kabisa, hakina hata mkwaruzo.

Mama Wavu aligusa kile kiungo kwa kidole gumba, akalia. Nilikwenda kufunga mlango kwa kuwa sikujua la kufanya.

Baada ya hapo alifanya kazi ambayo angeifanya zamani kama si mazoea. Akaichora kona upya kama ilivyo kweli kwenye chuma, akaukaza wavu pale, akaiambia kompyuta ilitikise jukwaa hatua kwa hatua kwa miaka mitano. Ilichukua siku mbili. Ufa ukajitokeza palepale, ukaelekea kulekule. Kisha akaijaribu kona ikiwa ya mviringo, mviringo wa kidole tu, na ufa haukutokea. Akaandika kwamba yale majukwaa matatu yasikanyagwe na mtu mpaka vishikizo vyake vibadilishwe, kwamba kosa ni la usanifu, na kwamba dalili ilionekana mapema ikapuuzwa na yeye.

Bosi aliisoma ripoti mara mbili, akavua miwani.

"Hapa ungeweza kusema sababu ni zaidi ya moja."

"Ni moja."

"Jina lako liko kwenye karatasi ya zamani. Na la ofisi."

"Nimeliona."

Si mtu mbaya, bosi wetu. Amebakiza miaka miwili astaafu, na alikuwa akiitazama ile miaka miwili ikiharibika mbele yake. "Basi tulia mpaka wiki ijayo," alisema. "Tufikirie."

"Kaka yangu ametulia miezi kumi na moja, bosi."

Aliirudisha miwani machoni, akasema, "Haya. Peleka." Ripoti ikaondoka Ijumaa saa nne asubuhi, na Mama Wavu akanigeukia. "Kesho tunakwenda kwa kaka. Mimi na wewe. Peke yangu sitafika."

Kaka mtu alikuwa kibarazani, mpira wa maji mkononi, maua yameloa chapachapa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Leo mbona umekuja na shahidi?"

Alicheka kidogo, nasi hatukucheka, akafunga maji. Mkewe alituletea viti, akaona nyuso zetu, akabaki amesimama mlangoni. Mama Wavu alitoa picha ya kishikizo mkobani, akampa.

"Hiki ni kiungo changu," alisema Fundi.

"Ni chako. Ni kizima, kaka. Kilipokatika ni hapa, kwenye kona. Kona ilichorwa hivyo na sisi. Kompyuta ilinionesha doa jekundu palepale, nikaandika lipuuzwe. Haikuwa mikono yako."

Aliipeleka picha karibu na macho, akairudisha mbali, akaipeleka karibu tena.

"Kona hii nilitaka kuizungusha," alisema polepole. "Mimi kona za namna hii huzizungusha. Lakini mchoro ulisema mraba."

"Mchoro ni wangu," nilisema.

Alinitazama bila hasira. Afadhali angenitukana. Kisha akamgeukia dada yake.

"Na wewe uliniambia umri umekwenda."

"Nilikuambia."

"Uliamini?"

Angeweza kusema lolote pale, hata mimi nilikuwa nikimtafutia neno. "Niliamini, kaka," alisema.

"Hilo ndilo linaloniuma. Kiwanda wacha kiseme, hakinijui. Wewe umekulia kwenye karakana yangu. Wewe ndiye uliyeniambia, nami nikaona basi, kama hata huyu anasema hivyo, ni kweli."

"Nisamehe, kaka."

Maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye mpira, na mkewe mlangoni alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Mama Wavu alikuwa ameinama, mikono magotini, na kwa mara ya kwanza nilimwona si mhandisi, bali mdogo wa mtu, aliyekosa.

"Mnajua kwamba mimi huenda kwa yule mfagiaji?" Fundi aliuliza hatimaye.

Hatukujua.

"Nilikwenda mwezi uleule. Nilipiga magoti mbele ya watoto wake, nikasema ni mikono yangu. Akaniambia niinuke. Tangu siku hiyo nakwenda kila Jumamosi, tunakaa, tunabishana habari za mpira. Alinisamehe mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujisamehe." Akaitazama tena ile picha. "Kumbe msamaha wote huo nimeuchukua mimi, na si wangu."

Aliingia ndani. Tulidhani ametuacha. Alirudi amevaa viatu na shati safi.

"Leo ni Jumamosi," alisema. "Inuka, mdogo wangu."

"Kaka, nitamwambia nini mimi?"

"Mwambie kama ulivyoniambia. Nitakaa pembeni yako." Akanielekezea kidevu. "Na wewe, Mchoraji, huachwi hapa."

Hakukuwa mbali, mitaa mitatu tu, lakini Mama Wavu alisimama mara mbili njiani akidai kiatu kinambana. Tulipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, na kaka mtu akabisha hodi. Ndani tulisikia mkongojo ukigonga sakafu, ukisogea taratibu kuja mlangoni, na sauti ya mtu aliyekuwa akimsubiri rafiki.

"Fundi! Leo umechelewa, nimekusubiri tangu saa tisa! Pita, pita, mlango uko wazi!"

Fundi akausukuma mlango, akampisha dada yake atangulie.