Baiskeli Yenye Jina

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Mkuza alinigongea geti akiwa na baiskeli mpya. Nyembamba, nyepesi, anainyanyua kwa mkono mmoja kama kikapu cha sokoni. Akanitajia jina la baiskeli kwanza, kisha bei, kisha akaniuliza, "Unaonaje dada, inastahili hela yote hiyo?" Nikamwambia ni nzuri. Akaondoka na furaha yake kuelekea Mlandizi, kufanya mazoezi na wenzake. Mimi nikabaki nimeshika geti, hamu ya kazi zote za asubuhi imeniisha.

Maana swali hilo, msomaji wangu, nililisikia nikiwa na miaka tisa, kule Masaki ya Kisarawe. Usije ukadhani naisema ile Masaki ya Dar yenye maghorofa. Masaki yetu ilikuwa mihogo, mikorosho na moshi wa matanuri ya mkaa uliolala kwenye nguo hata zikiwa zimefuliwa. Baba alibeba mkaa kwa baiskeli, magunia matatu, kutoka porini hadi Kisarawe mjini. Kazi nyingine hakuwa nayo. Miguu yake na baiskeli ile ndivyo vilivyotulisha mimi, mama na bibi aliyemzaa.

Wabebaji wa mkaa wote walitumia baiskeli za kuungaunga: fremu ya huyu, gurudumu la yule, breki ni kipande cha ndala. Ya baba ilikuwa kwa fundi kila wiki, na siku ikiwa kwa fundi sisi tulilalia uji. Akaichoka. Misimu miwili hela ya mikorosho yetu michache akaiweka, akabana matumizi, nguo za sikukuu zikarukwa, mama akanuna mpaka akachoka kununa. Bibi ndiye aliyeuliza waziwazi, huku akimenya mihogo: "Mwanangu, chuma gani hicho cha kumeza korosho zote hizi?"

"Mama, hii ya bei rahisi nainunua kila wiki kwa fundi," baba akamjibu. "Ile ina jina. Nitainunua mara moja tu."

Na alikuwa sahihi, nataka uelewe hilo. Ilikuja nyeusi, ina maandishi ya dhahabu kwenye fremu, bado imevishwa nailoni ya kiwandani. Haikulia, haikugoma, haikumjua fundi. Baba alianza kurudi jua likiwa bado lipo, ameshika samaki, na mama akaanza tena kuimba akikuna nazi. Jumapili jioni alinipakia kwenye keria akanizungusha kijijini bila sababu yoyote, nami nikashika shati lake mgongoni nikijiona mtoto wa tajiri. Sijaishi mwaka mwingine mzuri kama ule.

Nailoni hakuitoa. Unajua tulivyo. Redio ilikaa kwenye nailoni, makochi ya mwalimu wetu yalikaa kwenye nailoni mpaka ikachanika yenyewe. Kwetu kitu kipya kikivuliwa nailoni kimeshaanza kuzeeka. Ilipolegea, baba aliikaza kwa vipande vya mpira wa tyubu ili magunia yasiyakwaruze maandishi. Mimi na watoto wa jirani tukisogea na kucha zetu za kitoto anafoka, "Ole wenu! Mtu asiniguse nailoni yangu!" Na kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini aliiosha kwa sabuni ya unga, ndoo nzima, yeye ambaye mwenyewe alioga nusu ndoo. Maji yakawa yanaingia chini ya nailoni na kubaki humo. Hakuna aliyeona, na hakuna aliyejua kwamba kuna cha kuangalia.

Baiskeli ilikatika kwenye mteremko wa kuingia Kisarawe mjini, magunia yote yakiwa nyuma. Bomba la fremu lilikatikia chini ya usukani, hapohapo alipofunga mpira. Wenzake walimkuta amefunikwa na mkaa wake, ameshakata roho. Walimleta nyumbani kwa gari la mchanga. Baiskeli wakaileta vipande viwili, wakaiegemeza ukutani, nami nikaichukia kwa sababu kwa nje ilikuwa bado nzuri.

Siku ya pili ya matanga wanaume wakaanza kusema bila shaka marehemu aliuziwa feki. Waliapa watamtafuta muuzaji popote alipo. Sauti zikapanda, na nadhani hasira ile ilikuwa inawasaidia kidogo. Ndipo akaitwa fundi baiskeli. Akachuchumaa, akakata ule mpira, akaivua nailoni taratibu, na kutu ikamwagika chini kama ugoro. Akaikagua kiungo kwa kiungo.

"Hii siyo feki," akasema, hakumtazama mtu. "Hii ni yenyewe. Imeozeshwa na nailoni tu. Ingeachwa wazi, angekuja kuirithi huyu." Akaninyooshea kidole.

Bibi alikuwa kwenye mkeka, ndani ya mlango, ameyasikia yote.

"Bora ingekuwa feki," alisema. "Ningepata wa kumlaani."

Yeye mwenyewe hakuishi sana baada ya hapo. Mama alinileta huku Kibaha, akanilea kwa kuuza mihogo ya kuchemsha kando ya barabara, na Masaki tukawa tunaenda kwa misiba tu. Siku hizi mkaa unabebwa na bodaboda. Njia aliyopita baba imeota vichaka, na nyumba yetu imebaki msingi. Nimeshampita baba umri. Maandishi ya dhahabu ya ile baiskeli naweza kukuandikia hapa herufi kwa herufi, na mikunjo yake yote. Maneno ya baba pia nayakumbuka, kama ulivyoona. Sauti yake ndiyo iliyonipotea.