Makaa ya Mheshimiwa

Nilifika Stockholm kwa njia ndefu ya kipumbavu. Wenzangu wengi wa mashariki mwa Kongo waliletwa na ndege, wakapokelewa uwanjani na watu walioshika vibao. Mimi kambi ya wakimbizi ilinishinda. Tangu nimalize sekondari miguu yangu haijatulia, na kila mji niliofika niliulilia ule niliotoka. Nikavuka Uganda, nikavuka Sudani juu ya magunia ya vitunguu. Libya walitufungia ghalani, wakatupiga kwa mipira ya maji huku simu ikiwa wazi ili ndugu zetu wasikie na kutuma fidia. Mrundi mmoja aliyelala ubavuni mwangu alipigwa mpaka akaacha kulia, na asubuhi nikaamriwa nimshike miguu, nimburute nje. Bahari siisemi. Nilipoteremka kwenye treni ya mwisho, jino langu la mbele lilikuwa limebaki jangwani.

Mheshimiwa nilikutana naye kwenye metro. Mlango ulikuwa umenibana bega, nikatukana kwa sauti. Mzee mmoja mwenye koti refu na kovu katikati ya paji la uso akageuka.

"Tusi hilo ni la kwetu kabisa," akasema. "Wewe ni mtoto wa wapi?"

Nilipomtajia mtaa niliozaliwa akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mbunge wa bunge la jimbo letu. Aliingia kabla sijaota ndevu, akachaguliwa tena na tena, na alipotoka nywele zangu zilikuwa zimeanza kurudi nyuma. Mkewe alikuwa amefariki, naye aliishi peke yake Bredäng, ghorofa ya saba. Alinipa chumba kimoja. Binti yake aliyekaa Spånga alinikubali kwa sharti moja: nisimwache baba yake aende mahali peke yake.

Jumapili binti huyo alikuja na watoto. Babu aliwauliza habari za shule kwa Kiswahili, wakamjibu kwa Kiswidi, naye akatikisa kichwa kama alivyofanya mbele ya mawaziri. "Jibu la serikali limepokelewa," alisema, "ingawa halijaeleweka."

Kazi yangu ilikuwa kubomoa. Wakati ule majengo ya zamani yalikuwa yakikarabatiwa, na sisi tulitangulia na nyundo kung'oa makabati, sinki na vigae. Nilirudi na vumbi hadi kwenye kope. Wakati nikioga alisimama nje ya mlango wa bafu akinisimulia maisha yake ya bunge, na katika masimulizi yale hapakuwa na hotuba nyingi. Lile kovu alilipata siku ya kura ya kumwondoa gavana, mwenzake alipong'oa kipaza sauti mezani na kumtwanga nacho. Viti viliruka, mbunge mmoja aling'atwa sikio, na Spika akajificha chini ya meza akiendelea kugonga rungu. Nyumba yake ilichomwa mara mbili. Njiani kurudi jimboni dereva wake alipigwa risasi ya shingo, na yeye akaushika usukani kutoka kiti cha pembeni, damu ya moto ikimwagikia mapajani.

"Na bado ukagombea tena?" nilimuuliza.

"Sasa ningefanya nini, nifuge kuku?"

Siri ya kuchaguliwa kwake ilikuwa matanga. "Arusini watu wanakula, wanakusahau," alisema. "Matangani wanakumbuka nani alikuja." Hakukosa matanga hata mara moja katika vilima vyake. Alikuja na gunia la makaa begani, yeye mwenyewe, si dereva, maana msiba hauna kuni za kutosha na watu hawaendi mikono mitupu. Akaliweka penye moto wa akina mama, kisha akaketi chini karibu na mlango, mahali pa mtu mdogo.

Desturi hiyo alikuja nayo Stockholm. Majira ya joto, Waswidi walipochoma nyama, alinunua mifuko ya makaa na kuirundika kibarazani. Akisikia msiba wa Mkongo au Mrundi, alibeba mfuko mmoja akaupeleka kwenye nyumba yenye jiko la umeme. Watu walicheka pembeni, lakini waliupokea. Mama mmoja alimwambia, "Papa, haya tutayawashia wapi, kwenye lifti?" Naye akajibu, "Yaweke tu, mama. Yashuhudie kwamba nilikuja."

Ndipo ikaja habari ya kilima.

Kilima kile kilikuwa cha jimbo lake la uchaguzi. Zamani kilikuwa na kikosi cha askari. Katika kikao chake cha mwisho bunge lilipiga kura kuomba kikosi kihamishiwe barabara kuu ya mjini, na wabunge wengi wakanyoosha mikono. Watu wa kilima walisema na yeye alinyoosha. Yeye kila alipoulizwa alijibu kwa maneno ya bungeni: kikao kilikuwa cha faragha. Tangu hapo wenye bunduki walipanda kilima walivyotaka. Safari hii waliifunga nyumba moja kwa nje, wakaimwagia petroli. Ndani mlikuwamo mama na dada wa mwanamume mmoja aliyeishi Hagsätra, fundi wa magari mwenye shingo nene.

Fundi alituma neno kwa kila Mkongo: "Yule mzee akikanyaga hapa, atatoka amebebwa."

Nilimwambia Mheshimiwa asiende. Binti yake alimwambia hivyo hivyo kwa simu, akilia.

"Wale ni watu wangu," alisema. "Nikikosa haya, basi yale mengine yote nilikwenda kuomba kura."

Alikuwa amevaa tayari. Nilichukua koti langu. Mlangoni alinyanyua mfuko wa makaa, akaupakata kama mtoto.

Tulibadilisha treni Slussen. Nje kulikuwa na theluji, na mama mmoja wa Kiswidi akatuuliza kwa tabasamu kama tunakwenda kuchoma nyama. Nikacheka kwa adabu. Kicheko kile kilikatika vituo viwili mbele, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa tumebeba nini, na tunawapelekea nani.

"Papa, tuache mfuko huu hapa kitini."

"Haiendwi mikono mitupu."

"Papa, wale wameungua."

Alinitazama. Naye alikuwa hajaliwaza. Desturi ilikuwa imemtangulia tangu nyumbani. Akainuka kuushusha mfuko kwenye kituo kilichofuata, kisha akaketi tena. "Nikifika bila kitu nitakuwa nani?" akauliza.

Viatu vilikuwa vimejaa ukumbini mpaka nje ya mlango. Akina mama waliimba. Mheshimiwa aliweka mfuko sakafuni, akaketi chini karibu na mlango, na wimbo ukakatika kama uzi. Fundi akatoka jikoni. Alimwona mzee. Kisha akaona mfuko, na picha ya moto iliyochapishwa juu yake.

"Umeniletea makaa," akasema polepole.

"Pole kwa msiba, mwanangu."

"Umeniletea makaa!"

Aliupasua mfuko kwa mikono, akammwagia mzee kichwani. Akampiga teke la mbavu, nikasikia mfupa ukivunjika. Nilimrukia. Akanipa kiwiko cha pua, nikaona damu yangu kwenye ukuta mweupe, nami nikamtandika ngumi mbili za sikio kwa nguvu zote za kazi ya kubomoa. Wanaume wanne wakaniangukia na kunibana chini. Kutoka hapo sakafuni nilimwona fundi amepiga magoti juu ya kifua cha mzee, akimsukumia kipande cha makaa mdomoni.

"Kula! Mlaji wa watu, kula! Mama yangu alibaki hivi!"

"Fundi, utaua!" akapiga kelele mtu.

Mheshimiwa hakujikinga. Alikitafuna. Tulisikia meno yake, chumba kizima. Akameza, machozi meusi yakimshuka.

"Ulinyoosha mkono?" akauliza fundi, sauti imekwisha.

"Nilinyoosha." Hakusema kikao kilikuwa cha faragha. "Gavana aliniahidi askari wengine. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kurudi bungeni."

Fundi aliinua ngumi. Shangazi yake, bibi aliyekaa kwenye godoro la wafiwa tangu asubuhi, akamwita kwa jina la utotoni.

"Mwache," akasema. "Maneno hayo tumeyangoja miaka mingi. Mwache akae, ayabebe."

Fundi alishuka kifuani mwa mzee, akaenda jikoni, tukasikia sahani zikivunjwa moja baada ya nyingine.

Polisi walikuja, jirani alikuwa amewaita. Mimi ndiye niliyetafsiri, pua ikiwa imejaa pamba. Mheshimiwa, mdomo mweusi, ameshika ubavu, aliniambia, "Waambie nimeanguka. Na waambie bado sijamaliza kukaa." Alikaa mpaka sala ya mwisho. Hakuna aliyempa chakula, na hakuna aliyemfukuza.

Hakufa kwa kipigo kile. Mbavu ziliunga. Ilikuwa moyo, daktari alisema, theluji ilipoanza kuyeyuka. Lakini baada ya Hagsätra hakunisimulia tena habari za bunge, na mifuko iliyobaki kibarazani hakuigusa.

Matanga yake tuliyafanya Bredäng. Watu walikuja kutoka pande zote na mchele, soda na ndizi. Siku ya mwisho fundi akatokea mlangoni. Damu ilinipanda. Nilisimama, ngumi imejikunja yenyewe, na wanaume wakaanza kusogeza viti.

"Kaka, kaa chini," akasema binti wa Mheshimiwa.

Fundi alikuwa mikono mitupu. Alituonyesha viganja, kama mtu anayepekuliwa. Kisha akaketi sakafuni karibu na mlango, mahali pa mtu mdogo, akainamisha shingo yake nene na kukaa hivyo mpaka jioni. Alipoondoka hakuniaga. Mimi niliendelea kuitazama sehemu aliyokaa, na ngumi ikakataa kufunguka.

Kesho yake nilimrudishia binti ufunguo.

"Unakwenda wapi?"

"Kusini."

"Kusini wapi?"

"Nitajua nikifika."

Watoto wake waliniaga kwa Kiswidi. Nilimwachia nyundo, na makaa yote kibarazani. Treni ilipovuka daraja juu ya maji, nilikuwa nimeshaanza kuukumbuka mji ule.