Bega la Fulcran

Kaka yangu Fulcran alikuwa fundi mwashi. Alizaliwa Roquebrasse, kijiji cha mlimani huku Ufaransa, na amefia Roquebrasse, wiki ya sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kijiji kikiwa kimefurika watu. Namwandika ili wajukuu wa ukoo wetu walioko mijini wamjue, kama wapo watakaosoma.

Kwetu gari la maiti haliwezi kupanda. Njia ni nyembamba, ina ngazi za mawe, na kanisa liko juu kabisa ya kilima. Kwa hiyo tangu enzi za mababu, marehemu hubebwa begani na wanaume wanne, kutoka nyumbani kwake hadi altareni. Hawalipwi. Kila nyumba hutoa bega lake. Aliyebebewa baba yake naye humbeba wa mwenzake. Wafupi hukaa mbele na warefu nyuma, kwa sababu mnapopanda mzigo wote huwarudia wa nyuma.

Fulcran alikuwa mrefu, na mahali pake palikuwa nyuma, upande wa kushoto. Alimbeba baba, akambeba mama, akambeba mwokaji mikate na mwalimu aliyemchapa utotoni. Alimbeba hata mkewe Noémie, ingawa watu walimwambia mume habebi. Hawakujaliwa mtoto. Miaka ilivyokwenda bega lile likashuka, kila koti alilovaa likaonekana limeshonwa vibaya.

Nilipokuwa msichana nusu ya nyumba zetu hazikuwa na paa, na mbuzi walilala ndani. Kisha wakaanza kuja wageni wapendao vijiji vya vilimani. Walitaka mawe. Sisi tulipiga nyumba lipu ya chokaa, tena kwa fahari, kwani jiwe tupu lilikuwa la zizi. Wao walimwita Fulcran aibandue lipu yote.

"Lali," aliniambia siku moja akijipukuta vumbi, "hawa watu wanataka kulala zizini."

"Basi walaze. Si wameomba wenyewe?"

"Nawalaza. Lakini babu angeona, angenitandika."

Alifanya kazi nzuri, Mungu ni shahidi. Kila ukuta unaopigwa picha hapa kijijini ni mkono wake. Tukawekewa kibao barabarani kuwaambia wapitao kwamba kijiji chetu ni kizuri. Lakini kila nyumba aliyoimaliza ilipata mwenyewe wa mbali, aliyeifunga vuli na kuifungua Pasaka. Vijana wakauza nyumba za wazazi wao wakashukia bondeni. Majira ya baridi ukipita njiani huoni moshi ila kwetu na kwa Élie Vidalenc, rafiki wa Fulcran tangu komunyo ya kwanza.

Kiangazi wawili hao walikaa kwenye benchi karibu na chemchemi, na wageni wakawapiga picha pia.

"Wananipiga picha kama mbuzi," Fulcran alisema.

"Mbuzi angetupiwa majani," Élie akamjibu. "Wewe hata shukrani hupati, mzee."

Vumbi la mawe lilimmaliza mapafu. Alilala kitandani tangu kwaresima, akinywa supu ya kitunguu saumu kijiko kwa kijiko. Watu wa mazishi wa mjini wana kigari cha magurudumu cha kuvutia jeneza, na alikijua.

"Usiniweke kwenye kigari, Lali. Nimewabeba wote. Na mimi nibebwe na watu wa hapa."

Nilimwahidi, nikaushika msalaba wa ukutani kwa mkono wangu.

Baba Anselme, padri wetu, ana parokia nyingi kuliko afya yake. Fulcran alipokufa, padri alipata nafasi ya kumzika Jumamosi asubuhi tu. Jumamosi ya Agosti ndiyo siku wageni wa nyumba za kupanga wanapoondoka na wengine kuingia.

Nikaenda kubisha hodi kutafuta wabebaji. Milango yetu siku hizi ina visanduku vya funguo vyenye tarakimu. Mmoja ulifunguliwa na kijana aliyevaa taulo, akaniuliza kama nimekuja kufagia. Nikashuka hadi mkahawani kwa Bastien, mkwe wa Élie, anayepanda kila asubuhi kutoka bondeni.

"Jumamosi, shangazi? Meza zote zimeshashikwa!"

"Baba mkwe wako anabeba."

"Yule? Na goti lile? Shangazi, mtazika wawili."

Lakini akakubali, mradi awe jikoni kabla ya saa sita. Aliyesalia ni Joost, Mholanzi jirani yetu, ambaye nyumba yake Fulcran aliijenga upya. Alisema atabeba yeye na mkwewe, na akalia kuliko nilivyolia mimi. Wanne wakatimia. Nilimshukuru Mungu, ingawa wawili hawakuwa wa hapa.

Asubuhi ile walipojipanga, Élie alikwenda moja kwa moja nyuma, kushoto.

"Mzee, wewe mfupi, kaa mbele," Bastien alimwambia.

"Hapa ni mahali pa Fulcran. Apakae Mholanzi?"

"Sio heshima hiyo, ni uzito!"

"Ulikuwa wapi wewe tulipombeba mama yake? Nyamaza, ubebe."

Ilinipasa kuamua mimi. Nilimtazama Élie, koti lake la harusi limempwaya, sikuweza kumwondoa. Wakainua. Jeneza liliinama upande wake tangu hatua ya kwanza. Watu walijibana ukutani na masanduku yao kutupisha. Mmoja alivua kofia, na dirishani mwanamke alishika simu akituchukua picha. Mimi nilisali rozari kwa sauti ili nisisikie pumzi za Élie.

Kwenye kona ya chemchemi ngazi ni kali. Goti lilimwacha hapo. Alianguka bila kupiga kelele, jeneza likateleza nyuma, na Joost akaruka kulizuia kwa kifua chake. Wakaliegemeza kwenye ukingo wa maji. Mtu wa mazishi, aliyekuwa akitufuata polepole, alitufikia. Alikikunjua kigari.

Sikukataa. Nilitazama njia juu na chini, kumejaa wanaume wenye afya, na sikumjua hata mmoja wa kumwita kwa jina la baba yake. Kaka yangu akaingia kanisani akivutwa kwa magurudumu, akigongwagongwa kila ngazi.

Élie hakuingia kwenye misa. Baada ya kuzika nilimkuta palepale chini, suruali imechanika.

"Nimemwangusha, Lali."

"Hukumwangusha. Joost alimdaka."

"Nimemwangusha."

"Twende ukale."

"Na wewe atakubeba nani?"

Nilimshika mkono tukapanda polepole, tukisimama kila ngazi. Jumatatu yake nilishuka bondeni nikamwambia mtu wa mazishi kwamba siku yangu ikifika aje na kigari hadi mlangoni, asimsumbue mtu. Aliniandika. Kila jioni namwombea Fulcran raha ya milele na mwanga wa milele. Nikifika pa kumwomba radhi kwa ahadi niliyompa, sala naiacha hapo.