Siku Tuliyohama Bila Kumuaga Babu

Enzi za sisi tuliosomea chini ya paa la makuti, huku ndani ya Kilwa, upande wa Likawage, Kiingereza kilikuwa kama nguo ya Idi: ukishaipata huivui. Mwalimu alipotufundisha neno "depart" alituonya kwamba ni kuondoka, lakini kuondoka kwa meli, kwa ndege na kwa wakubwa. Anayekwenda kisimani hahusiki. Hatukumsikiliza. Wiki nzima tulikuwa tuna-depart kwenda kuokota korosho na tuna-depart kwenda msalani, hadi mama akauliza kama kuaga kumepigwa marufuku shuleni.

Ndipo ikafika zamu yetu ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule Miteja. Lori likaja asubuhi. Mitungi, kinu, kuku waliofungwa miguu, vyote vikapakiwa. Mimi nilishaapa kukaa mbele kwa dereva, maana sikuwahi kupanda gari.

Bibi, mzaa baba, macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hatembei bila kushikwa mkono. Aliniita mke mwenza, utani wetu wa bibi na mjukuu.

"Mke mwenzangu, nipeleke kaburini tukamuage mume wetu. Wewe usome Fatiha, mimi nimwambie tunakokwenda."

Kaburi la Babu lilikuwa nyuma ya mikorosho, si mbali. Lakini ningekwenda, kaka yangu angechukua kile kiti.

"Tutarudi Ijumaa, Bibi," nikamwambia.

Wakampandisha nyuma, akakaa juu ya magunia ya mtama, uso kauelekeza mikoroshoni.

Ijumaa hiyo haikufika. Mara shamba jipya, mara shule, mara mvua. Bibi aliuliza, akauliza, kisha akaacha kuuliza. Masika ya pili akafariki.

Vijana wa leo wanaaga kwa simu, kidole gumba kimoja tu na wameshafika Dar. Ningewacheka zaidi, ila najionea haya. Zamani msafiri alipita nyumba kwa nyumba, akaombewa dua, akafungiwa chakula cha njiani. Nililelewa hivyo, na bado nikachagua kiti.

Mwaka juzi nilirudi kule Likawage. Mikorosho imemezwa na pori, makaburi hayaonekani. Nikasoma Fatiha, nikamwambia Babu kwamba tulihamia Miteja na mkewe amelala huko. Sikujua kama nazungumza naye uso kwa uso, au nimempa mgongo.